Tulimrudisha Mama, Tukamla Mtoto

Mimi ndiye niliyewafundisha wanawake wa upande huu wa Iyula kuchimba chikanda. Naanza na hilo mwenyewe, msije mkalisikia kwa mtu mwingine akalisema kwa jeuri.

Nilipoolewa huku nikitokea Ndalambo, nilikuta wake wa Kinyiha wanapita bondeni katikati ya maua yale ya pinki na manjano kama wanaopita kwenye majani ya mbuzi. Wachache walichimba wakati wa njaa, wakachemsha, wakala wamenuna. Nikawaambia, nyie mmelalia chakula cha harusi halafu mnalia njaa. Chikanda, kwa asiyeijua, ni kiazi kidogo cha ua la porini, hakizidi kidole gumba. Unakianika, unakitwanga, unga wake unaupika na karanga zilizotwangwa, pilipili, chumvi na magadi, unakoroga mpaka mkono uchoke, halafu unafunika sufuria na kuweka makaa juu ya kifuniko. Ikipoa unaikata vipande kama keki. Kwetu ina jina lake la kilugha, lakini sokoni Tunduma jina la Wabemba ndilo lililoshinda, nami sina ugomvi nalo.

Niliwafundisha na adabu ya kuchimba. Ukifukua shina moja unakuta viazi viwili vimekaa pamoja. Kimoja kimesinyaa, kimeingia weusi. Kingine ni kigumu, cheupe, kimejaa. Mama yangu mzazi alinieleza hivi nikiwa bado sijavaa viatu: huyu aliyesinyaa ni mama, huyu mnene ni mtoto. Mtoto mtie kwenye kikapu. Mama mrudishe shimoni na shina lake, mfukie, mkanyagie udongo kidogo, mshukuru. Mwakani atazaa tena. Nani anachinja kuku anayetaga? Unakula vifaranga vikikua, mama yao unamwacha aendelee.

Niliona akili kubwa katika hilo, na nilikuwa mkali. Nikimkuta mwanamke amemtupa mama pembeni ya shimo, nilimrudisha kwa kumvuta sikio, awe mke wa mzee wa kanisa au nani. "Unaua bonde!" namwambia. "Rudisha mama!" Na wao wakawafundisha mabinti zao. Mpaka leo ukipita bondeni utasikia mtu anamwambia mwenzake rudisha mama, hajui hata neno lilitoka kwa nani. Lilitoka kwangu.

Miaka ile bonde letu, lile la nyuma ya mashamba ya kahawa, ikifika Januari lilikuwa kama kanga zilizoanikwa. Ulikuwa hujui pa kukanyaga. Kisha likaanza kufifia, polepole, kama mtu anayepoteza nywele: kila siku anasema bado zipo, mpaka siku moja anaona ngozi. Tukaanza kutafuta mchawi. Wengine wakasema ni mvua. Wengine wakasema ni nguruwe pori, maana nao wanavipenda viazi. Wengine wakawasema wafugaji walioshuka na mifugo yao kule bonde la Momba, ingawa ng'ombe wao hawajawahi kukanyaga kwetu hata mara moja. Wengi tulisema chikanda imehama. Ndivyo tulivyokuwa tunaona: wanunuzi kutoka ng'ambo ya mpaka walianza kununua ya karibu na Tunduma, ikaisha. Wakaja Mbozi. Mara tunasikia wako Ileje milimani, mara wako Rukwa. Tukasema chikanda ina kiburi, ikisumbuliwa inafunga virago.

Aliyetucheka ni mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa pili, anayefundisha sayansi sekondari. Alikuja likizo, mwezi wa nne, kahawa bado mbichi, nikamchukua twende bondeni anibebee kikapu. Tulitembea asubuhi nzima tukapata viganja viwili.

"Imehama," nikasema.

"Bibi, haina miguu."

"Na wewe una miguu, mbona huolewi ukahama?"

Akacheka. Huyu ni mke mwenzangu, tunataniana hivyo tangu alipoanza kusema. Babu yake akimwita mke wangu, mimi namwambia mchukue basi, lakini umchukue na kikohozi chake.

Nikafukua shina. Mtoto kikapuni, mama nikamrudisha. Nikakanyagia. Mwenzangu akaniangalia, halafu akachuchumaa, akamfukua tena yule mama niliyemzika sasa hivi. Nikataka kumvuta sikio. Akamweka kwenye kiganja, akambonyeza kwa kidole, maji ya kahawia yakatoka.

"Bibi, huyu yukoje?"

"Amesinyaa. Kama titi langu. Ndiyo umama huo, utaujua ukizaa."

"Huyu ni wa mwaka jana. Hili shina, haya majani, hili ua, vyote vimemla yeye. Kazi yake imekwisha, anaoza. Huyu mweupe uliyemtia kikapuni ndiye anayelala ardhini kiangazi chote, mvua ikija yeye ndiye anaota. Yeye ndiye ua la mwakani."

"Kwa hiyo tunakula nini?"

"Mnakula mwakani."

Hasira ikanipanda. Nimesoma mpaka darasa la nne, sikatai, lakini nimekaa na bonde hili kabla mama yake huyu mtoto hajazaliwa. Nikamwambia vitabu vyako vimeandikwa na mtu ambaye hajawahi kuchafua kucha. Akaniambia tuache vitabu basi, tuliulize bonde.

Tukakata vijiti vya mianzi. Yeye akachana kitenge changu kimoja chekundu kilichochakaa na shuka moja jeupe. Nikachimba mashina ishirini kwa mkono wangu, kwa adabu yangu yote, mtoto kikapuni, mama shimoni, na kila shimo nikaliwekea kijiti chenye kitambaa chekundu. Yeye akachagua mashina mengine ishirini upande uleule, hakuyagusa kabisa, akayawekea vijiti vyenye kitambaa cheupe. Mvua ikirudi tungeona.

Tukawekeana sharti. Mama zangu wakiota, yeye atasimama kanisani mbele ya kikundi cha akina mama aseme mwalimu amefundishwa na bibi. Wasipoota, mimi ndiye nitakayesimama. Nitawaambia kwamba tangu nilipoingia kijiji hiki kama mwali nimekuwa nikiwapotosha, na kwamba bonde limekwisha kwa adabu yangu.

Mtu asiyenijua ataona ni mchezo. Mimi sina shamba kubwa, sina mtoto serikalini. Nilichonacho ni kwamba nikisema jambo, wanawake wa hapa wanalifanya. Hicho ndicho nilichokiweka juu ya vile vijiti.

Babu yao aliposikia alicheka mpaka akakohoa. "Umepigana na mimi miaka yote hii hukushindwa hata siku moja," akasema. "Leo unakwenda kushindwa na kiazi."

Kiangazi hicho kilikuwa kirefu kuliko vyote nilivyowahi kuviona. Bonde lilikauka, likaungua moto kama kila mwaka, likabaki jeusi. Vitambaa viliungua vingi, mianzi ikabaki na ncha za mkaa, nikaenda kuvifunga vingine kwa kufuata alama. Nikiwa peke yangu kule nilikuwa nasimama juu ya vijiti vyangu na kuongea nao. Nawaambia, jamani akina mama, msiniaibishe, sisi wazee tunaonekana tumeoza lakini bado tupo.

Halafu nikaanza kuwasaidia. Nasema kweli, nimekula kiapo cha kutoficha. Kulipopambazuka nilikuwa nachukua ndoo ya maji na samadi ya mbuzi iliyolowekwa, naenda kumwagilia vijiti vyekundu tu. Vyeupe navipita kama sivijui. Nilifanya hivyo kwa majuma kadhaa, mpaka siku mjukuu wangu alipokuja na pikipiki ya kukodi bila kunipa taarifa, akanikuta nimeinama na ndoo.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba."

"Unafanya nini?"

"Naosha miguu."

"Na samadi?"

Aligeuka pembeni, mabega yakamtikisika kwa kicheko. Aliporudi uso ulikuwa wa kiualimu. "Endelea tu," akasema. "Hata ukiwapikia uji." Maneno hayo yaliniuma kuliko kama angenigombeza, kwa sababu yalikuwa maneno ya mtu asiye na wasiwasi.

Mvua zikaja mwishoni mwa Novemba. Baada ya Krismasi nikaanza kwenda bondeni kila siku. Vijiti vyeupe vilianza kwanza: kijani kidogo, kama ncha ya ulimi wa mtoto, kinachungulia kwenye majivu. Kimoja. Vitatu. Saba. Upande wangu, udongo. Nikasema akina mama wanachelewa kujifunga kitenge, watakuja. Vyeupe vikafika kumi na saba; vitatu vilivyobaki, panya fuko walikuwa wamepitia, unaona kabisa mtaro wao. Vyangu, udongo. Nyasi ziliota, magugu yaliota, hata mbegu ya boga iliyotoka sijui wapi, labda kwenye ile samadi, ikaota na kutambaa juu ya kijiti changu cha tisa kwa furaha.

Ndipo nilipofanya jambo ambalo babu yao halijui mpaka leo, ingawa akisomewa hapa atalijua. Hatua mbili kutoka kijiti changu kimoja kulikuwa na chikanda iliyoota yenyewe, haina kijiti cha mtu. Niliangalia huku na huku. Niking'oa kijiti changu na kukisogeza, basi mama mmoja ataonekana ameota. Nikang'oa. Nikachomeka. Kikakaa vizuri, kitambaa chekundu, jani la kijani, picha nzuri kabisa. Nikarudi nyumbani, nikapika ugali, tonge la tatu nikaliacha sahanini. Ilikuwa bado adhuhuri. Nikarudi bondeni na jua lote lile la utosini, nikakirudisha kijiti mahali pake. Nilijiambia: ukishinda kwa hiki, utakuwa umewafundisha uongo mara mbili, na safari hii unajua.

Siku ya kuhesabu mjukuu wangu alikuja, na kwa bahati, wifi yangu naye alikuwa amekuja. Huyu wifi ni dada wa mume wangu, ameolewa Nakonde, ng'ambo tu ya mpaka ukitoka Tunduma. Anapika chikanda na kuuza vipande, na sauti yake ukiisikia sokoni unajua kabisa huyu hahitaji ubao wa tangazo. Alikuja kunifuata viazi. Alikuwa anakuja kila mwaka, na kila mwaka anarudi na kikapu chepesi zaidi, akinitukana mimi kana kwamba ninavificha chini ya kitanda.

Tukaenda bondeni watatu. Mjukuu akapita kwenye vyeupe, kumi na saba. Akapita kwenye vyangu, mimi nimesimama na mikono kiunoni kama askari wa mpakani. Udongo. Udongo. Boga. Udongo. Kwenye cha kumi na nne nikaona jani.

"Huyo!" nikapiga kelele. "Huyo hapo! Nilikwambia! Mama yangu hakuwa mjinga!"

Nilicheza. Wifi akanipigia vigelegele ingawa hakujua tunashindania nini. Mjukuu wangu akasogea karibu. Alichuchumaa, akafukua taratibu kwa vidole, akanionyesha. Chini ya lile jani kulikuwa na kipande cha kiazi cheupe kilichovunjika. Nilikuwa nimemng'oa mtoto vibaya, nusu ikabakia ardhini. Yule mama pembeni yake alikuwa amekuwa tope.

"Huyu hukumrudisha, bibi," akasema kwa upole. "Huyu ulimsahau."

Nikakaa chini palepale kwenye majimaji. Wifi akauliza kuna nini, akaelezwa. Nilitegemea acheke, yeye ni mtu wa kucheka hata msibani. Hakucheka. Alishika kidevu.

"Lakini wifi," akasema, "hata sisi kule tulirudisha wote. Mabonde yote ya kwetu tulirudisha. Mimi mwenyewe nikiona mtu hajarudisha namtukana. Sasa hivi ni majani tu, mbuzi wanakula."

"Nani aliwafundisha kurudisha?" mjukuu akauliza.

Wifi akaniangalia. Nami nikamwangalia. Mwaka alioolewa, mimi nikiwa mke mpya pale nyumbani kwao, nilikaa naye hapahapa bondeni nikamwonyesha yupi mama, yupi mtoto. Akaenda nayo ng'ambo pamoja na vyungu vyake. Mimi niliipata kwa mama yangu Ndalambo, na nikiambiwa leo niende Ndalambo nikaangalie lile bonde la utotoni, siendi, maana najua nitakachokiona. Tulikuwa tunasema chikanda inahama. Kilichokuwa kinahama ni sisi, tunaolewa huku na kule, na kila tunapofika tunafika na ile adabu.

Wifi akanigeukia. "Basi wewe ni hatari kuliko nguruwe pori," akasema. "Nguruwe angalau anaishia porini."

Hapo nikacheka. Tulicheka wote watatu, mimi nimelowa makalio, mpaka ndege wakaruka kwenye matete.

Jumapili ile, baada ya ibada, nikasimama. Nilivaa kitenge kipya, maana nikienda kujiaibisha siendi nimechakaa. Nilibeba vijiti vyangu ishirini vyekundu kwenye kikapu, nikavimwaga mezani mbele ya akina mama. Nikasema: "Mimi niliyewavuta masikio, nimekosea. Yule tuliyekuwa tunamrudisha alikuwa marehemu. Tulikuwa tunafanya mazishi mazuri sana, na tunakula watoto." Kisha nikawaeleza vijiti vyote, na ndoo ya samadi nikawaeleza, na kile kijiti kilichosogea nikarudi nikakirekebisha, ila hicho nilikisema kwa sauti ndogo kidogo.

Halafu mama mmoja mnene wa nyuma, ambaye sikio lake nililivuta akiwa binti, akasimama, akalishika lile sikio. "Bibi," akasema, "na hili utalirudisha shimoni?"

Kanisa likaangua kicheko. Hata mchungaji aliyekuwa anajifanya anakusanya vitabu alicheka.

Wakaniuliza sasa tufanyeje. Hilo sikujibu mimi, niliwaachia wenyewe, nilikuwa nimechoka kujua. Wakabishana mpaka njaa ikauma. Mmoja akasema tuchimbe shina moja tuache matatu. Mwingine akasema utahesabu wewe, mwenzako hatahesabu. Mwisho wakakubaliana bonde lifungwe, asiingie mtu na jembe mpaka mvua tatu zipite, yaani miaka mitatu, na maua yakishakomaa, twende wote kuyatikisa yale maganda yake ili mbegu zimwagike. Mjukuu wangu alituonyesha: ganda likikauka ndani kuna vumbi, laini kama ugoro, na kila chembe ya vumbi ni mbegu. Akatuonya kwamba nyingi hazioti, na inayoota inachukua miaka kabla hujaiona. Wanawake wakasema sisi tumelea watoto, kusubiri tunakujua.

Wifi alirudi Nakonde na kikapu kitupu kabisa, mara ya kwanza katika maisha yake. Mpakani mteja wake mmoja akamwuliza kwa Kibemba, mayo, yaani mama, chikanda iko wapi? Akamjibu hapana kwa heshima ya hukohuko, "Awe, mukwai, iko shule." Anauza vitumbua sasa, na siku hizi ananipigia simu ya video si kuniuliza hali bali kuniamuru: geuza simu, nionyeshe bonde.

Mvua mbili zimepita. Bonde halijawa kanga zilizoanikwa, nisidanganye mtu. Lakini Januari hii nilipita pale vilipokuwa vijiti vyangu vyekundu, nikaona majani madogo mawilimawili, membamba, ya zile mbegu tulizotikisa, ambayo mtu asiyejua angesema ni nyasi. Mimi najua. Nilihesabu mpaka mgongo ukagoma. Nikageuza simu, wifi akapiga vigelegele huko aliko, na nyuma yake nikasikia wateja wanauliza nani amejifungua.

Juzi yule mama wa sikio ameniletea binti zake wawili. Anataka niwafundishe, eti kwa sababu hakuna mwingine anayejua. Nikawachuchumaza bondeni, nikafukua shina moja kwa vidole, bila kuling'oa, nikawaonyesha. Huyu ni mama, kazi yake amemaliza, mwacheni apumzike. Huyu ni mtoto. Mmoja akanyoosha mkono amguse.

Nikamshika sikio.